Dag Hammarskjöld: Katibu Mkuu Ambaye Siri Zake Zilisomwa

Msafiri atokaye Kasese mjini kwenda Bwera huwa na milima ya Rwenzori mkono wake wa kulia karibu njia nzima, na mkono wa kushoto mbuga zinazoteremka hadi Ziwa Edward. Akifika Mpondwe, kando ya mto Lubiriha, ameufikia mpaka. Ng'ambo ni Kasindi, nchi ya Kongo. Mto wenyewe si mkubwa, na watu wa kingo zake zote mbili ni ndugu: huku wanaitwa Wakonzo, kule Wanande. Lugha zao zinakaribia kuwa moja, na sokoni wakikutana na wageni hutumia Kiswahili. Mstari uliochorwa na wakoloni haukuwazuia kuoana wala kuzikana.

Katika mwezi wa Julai 1960, hata hivyo, mstari huo uligeuka kuwa jambo la kutazamwa na dunia nzima. Kongo ilikuwa imepata uhuru wake tarehe 30 Juni. Haikupita hata wiki moja, askari wakawaasi maofisa wao Wabelgiji, na Wazungu kwa maelfu wakazikimbilia nchi za jirani, Uganda ikiwa mojawapo. Sehemu hizi za Kasese na Bwera, ambazo siku hizo zilihesabiwa kuwa nchi ya Toro, zilikuwa bado chini ya Waingereza. Reli ilikuwa imefika Kasese tangu 1956 kwa ajili ya kusomba shaba ya Kilembe, na ndani ya mawe hayohayo ya Kilembe mlikuwa na kobalti, madini ambayo mataifa makubwa yaliyatamani kwa viwanda vyao vya silaha na ndege. Mtu wa Bwera aliyewatazama wakimbizi wale wakivuka angeweza kudhani kwamba ameona ugomvi wa Wakongo na Wabelgiji basi. Kumbe nyuma ya ugomvi huo yalikuwako mabomu ya nyuklia, na walikuwako majasusi waliokesha wakisikiliza mawimbi ya redio.

Mtu aliyejitosa katikati ya mambo hayo, na ambaye yalimwua mwaka uliofuata, ndiye tunayemweleza leo: Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa pili wa Umoja wa Mataifa.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1905 katika mji wa Jönköping nchini Uswidi, akiwa wa mwisho kati ya wavulana wanne. Baba yake, Hjalmar Hammarskjöld, alikuwa Waziri Mkuu wa Uswidi tangu 1914 hadi 1917. Mzee huyo aliiepusha nchi yake na Vita Kuu ya Kwanza, lakini wananchi walimchukia kwa sababu ya uhaba wa chakula, na akaondoka madarakani bila shukrani. Kijana Dag alikulia katika ngome ya Uppsala, ambako baba yake alikuwa mkuu wa jimbo. Huko alijifunza mapema kwamba mtu anaweza kuitumikia nchi kwa uaminifu na bado akalaaniwa barabarani. Alisoma sheria na uchumi, akapata shahada ya udaktari mwaka 1933, akawa katibu mkuu wa wizara ya fedha akiwa na miaka 31 tu, na baadaye mwenyekiti wa bodi ya Benki Kuu. Hakuoa. Alipenda kupanda milima, kusoma mashairi, na kukaa kimya.

Ukimya huo ndio uliompa cheo. Mwaka 1953 mataifa makubwa yalikuwa yamechoshwa na ugomvi baina ya Warusi na Katibu Mkuu wa kwanza, Trygve Lie wa Norway, juu ya vita vya Korea. Walitafuta mtu asiye na makuu, mkaguzi wa mafaili, ambaye asingewasumbua. Baraza Kuu likamchagua Hammarskjöld tarehe 7 Aprili, naye akala kiapo siku tatu baadaye. Waliomchagua walikosea sana katika hesabu yao, na hawakukawia kuligundua kosa hilo. Mwezi wa Januari 1955 alikwenda Peking kuzungumza ana kwa ana na Zhou Enlai juu ya wanahewa wa Kimarekani waliofungwa China, na mwezi wa Agosti wakaachiliwa. Mwaka 1956, Uingereza, Ufaransa na Israeli zilipoishambulia Misri kwa sababu ya Mfereji wa Suez, alishiriki kuunda kwa siku chache jeshi la kwanza la kulinda amani la Umoja wa Mataifa.

Lakini jambo lililoikalia dunia kichwani katika miaka ile lilikuwa bomu. Azimio la kwanza kabisa la Baraza Kuu, la tarehe 24 Januari 1946, lilihusu nguvu za atomiki na namna ya kuziondoa katika silaha za mataifa. Miaka minane baadaye, Machi 1954, Wamarekani walilipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na majivu yake yakawadhuru wavuvi wa Kijapani waliokuwa mbali baharini. Hammarskjöld hakuwa na jeshi wala kura. Alichokuwa nacho ni ofisi na sauti. Agosti 1955 mkutano mkubwa wa wanasayansi ulifanyika Geneva chini ya Umoja wa Mataifa, juu ya matumizi ya amani ya nguvu za atomiki. Wataalamu wa Marekani na wa Urusi walisomeana huko mambo ambayo siku chache kabla yalikuwa siri za serikali zao. Tarehe 29 Julai 1957 mkataba ulioanzisha Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao yake Vienna, ulianza kutumika. Siku hiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa kwake.

Mwaka 1958 aliingia mwenyewe katika mabishano. Mwisho wa Machi Urusi ilitangaza kwamba inasimamisha majaribio yake ya mabomu. Washington na London zilisema ni maneno ya propaganda, lakini Hammarskjöld aliipokea hatua hiyo kwa mikono miwili, na wakubwa wa Magharibi hawakufurahi. Mwezi uliofuata Warusi walilalamika mbele ya Baraza la Usalama kwamba ndege za Marekani zenye mabomu ya nyuklia zinaruka juu ya barafu ya kaskazini kuelekea mipaka yao. Wamarekani walijibu kwa kupendekeza eneo hilo la kaskazini likaguliwe na pande zote. Hammarskjöld aliomba nafasi ya kusema, jambo ambalo Katibu Mkuu hakuwa na desturi ya kulifanya, akayasihi mataifa yaikubali njia hiyo ya kujenga kuaminiana. Safari hii waliokasirika ni Warusi. Katika mwezi mmoja alikuwa amewaudhi wote wawili, na huenda hakuna ushahidi bora kuliko huo kwamba hakuwa kibaraka wa yeyote.

Mwisho wa Oktoba mwaka huo mazungumzo ya kupiga marufuku majaribio yalianza Geneva, na kwa karibu miaka mitatu Marekani, Urusi na Uingereza hazikulipua bomu lolote. Yaliyowashinda katika meza ile yalikuwa maswali ya ukaguzi. Ni nani atakayeingia katika nchi ya mwenzake kuhakikisha kwamba hakulipuliwi bomu chini ya ardhi? Warusi waliona ukaguzi ni jina jingine la ujasusi. Wamarekani waliona mkataba usio na ukaguzi ni karatasi tupu. Tarehe 1 Mei 1960 Warusi waliitungua ndege ya kijasusi ya Marekani, U-2, iliyokuwa ikipiga picha juu ya nchi yao, na mkutano wa wakubwa uliokuwa ufanyike Paris mwezi huohuo ukavunjika. Kila upande ulidai uaminifu kwa mwenzake huku ukichungulia dirishani kwake.

Wakati mambo yakiwa hivyo, Afrika ilikuwa inaamka. Kati ya Desemba 1959 na Januari 1960 Hammarskjöld alifanya safari ndefu barani humu, akapitia nchi na makoloni zaidi ya 20, Kongo na Afrika Mashariki zikiwamo. Aliporudi New York aliwaeleza wenzake kwamba nchi hizi changa zitahitaji wataalamu na fedha, na kwamba zisipovipata kwa Umoja wa Mataifa zitavutwa huku na huku na wenye nguvu. Wiki mbili baada ya safari hiyo, tarehe 13 Februari 1960, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomiki Reggane, katika jangwa la Sahara. Waafrika walipiga kelele. Upepo wa jangwani hauombi ruhusa mpakani.

Na Kongo je? Hapa, ndugu msomaji, yafaa tuteremke kutoka mabarazani hadi machimboni. Katika jimbo la Katanga kulikuwa na mgodi uitwao Shinkolobwe, uliotoa urani yenye nguvu kupita zote zilizojulikana duniani wakati huo. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, Edgar Sengier, alihamisha zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo kwa meli na kuyaficha katika ghala la New York. Baadaye aliyauza kwa jeshi la Marekani. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomiki ilitoka Katanga, ikichimbwa na wafanyakazi wa Kiafrika ambao hawakuambiwa ni ya nini, na tarehe 6 Agosti 1945 moja likaangushwa Hiroshima. Tangu vita ile Wamarekani waliweka majasusi Kongo kuhakikisha mawe hayo hayaendi kwa adui. Shinkolobwe ulifungwa kabla ya uhuru, mashimo yake yakajazwa zege, lakini hofu haikufungwa pamoja nao. Isitoshe, Katanga ilikuwa na shaba na kobalti kwa wingi ambao Kilembe yetu isingeweza hata kuukaribia.

Basi Moïse Tshombe alipoitangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake tarehe 11 Julai 1960, akiungwa mkono na Wabelgiji na kampuni ya madini, halikuwa jambo la kikabila tu. Patrice Lumumba, Waziri Mkuu, na Rais Kasavubu waliomba msaada wa Umoja wa Mataifa. Hammarskjöld alitumia kifungu cha 99 cha Mkataba wa Umoja huo, kinachompa Katibu Mkuu haki ya kuliita Baraza la Usalama mwenyewe, na usiku wa kuamkia tarehe 14 Julai azimio likapitishwa. Askari wa kwanza, wengi wao Waafrika, waliteremka Léopoldville kabla siku mbili hazijapita. Baadaye jeshi hilo lilifikia karibu watu 20,000. Shabaha yake kubwa haikuandikwa wazi katika azimio, lakini kila mtu aliijua: kuziba nafasi kabla Wamarekani na Warusi hawajakutana katika misitu ya Kongo, na bomu nyuma ya kila mmoja wao.

Hapa pia ndipo sifa yake ilipopata doa ambalo wazee wengi wa Afrika hawakumsamehe. Lumumba alitaka majeshi ya Umoja wa Mataifa yaivunje Katanga kwa nguvu. Hammarskjöld alikataa, akisema hana amri hiyo. Lumumba akawageukia Warusi. Septemba 1960, Kasavubu alipomfukuza Lumumba kazini, wawakilishi wa Umoja wa Mataifa mjini Léopoldville walifunga viwanja vya ndege na kituo cha redio. Waliouita uamuzi huo wa kulinda amani walisahau kwamba Kasavubu alikuwa na redio nyingine ng'ambo ya mto, Brazzaville, na Lumumba hakuwa nayo. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga. Kusema kwamba Hammarskjöld alimwua ni uongo. Kusema kwamba angeweza kufanya zaidi ni haki, na mwandishi huyu anaungana na wanaosema hivyo.

Warusi walimgeuka kabisa. Khrushchev alitaka ajiuzulu na nafasi yake ichukuliwe na watu watatu, mmoja wa kila kambi. Tarehe 3 Oktoba 1960 Hammarskjöld alijibu mbele ya Baraza Kuu kwamba wenye nguvu hawauhitaji Umoja wa Mataifa uwalinde. Wanaouhitaji ni wengine wote, na kwa ajili ya hao angebaki maadamu wanamtaka. Wajumbe wa nchi changa walisimama na kupiga makofi kwa dakika nyingi.

Jambo ambalo hakulijua, au alilijua nusu tu, ni kwamba alikuwa akiwahutubia watu waliokwisha kusoma barua zake.

Kila siku kulipita simu za maandishi kati ya New York na Léopoldville, zikiwa zimefumbwa kwa mashine. Mashine hiyo iliitwa CX-52. Kwa umbo inafanana na mashine ndogo ya chapa. Ndani yake mna magurudumu sita yenye vipini, na mtumiaji hupanga vipini hivyo kwa mpango unaojulikana na mwenzake tu, kisha huchagua herufi moja moja na kuzungusha mkono wa mashine, na kila herufi hutoka kwenye ukanda wa karatasi ikiwa herufi nyingine. Asiyeujua mpango huona vurugu tupu. Mtengenezaji wake alikuwa Boris Hagelin, Mswidi kama Hammarskjöld mwenyewe, ambaye alikuwa amehamishia kampuni yake, Crypto AG, katika mji wa Zug nchini Uswisi. Uswisi ni nchi isiyofungamana na upande wowote. Nani angeshuku?

Tangu miaka ya 1950 Hagelin alikuwa na maafikiano ya siri na wakuu wa ujasusi wa Marekani, hasa na fundi mashuhuri wa mafumbo William Friedman: nchi fulani ziuziwe mashine imara, nyingine ziuziwe zile ambazo Wamarekani wangeweza kuzifumbua. Mwaka 1970 mashirika ya ujasusi ya Marekani na Ujerumani Magharibi yaliinunua kampuni yenyewe kwa siri. Habari hizi zilifichuliwa kikamilifu Februari 2020 na waandishi wa Marekani, Ujerumani na Uswisi, nasi tukajua kwamba nchi zaidi ya 120 zilitoa fedha za wananchi wao kununua kufuli ambalo ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mwingine. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa kuhusu kifo cha Hammarskjöld ulikwisha kuonyesha kabla ya hapo kwamba CX-52 aliyokuwa nayo inawezekana sana iliwaruhusu wengine kusikiliza mawasiliano yake. Leo wezi wa namna hii huingia kwa kompyuta, wala hawahitaji kuuza mashine kwa mkono. Mwaka 1961 iliwabidi wawe na kiwanda, muuzaji mwenye tai, na mteja mwenye imani.

Turudi kwa mteja huyo. Mwezi wa Agosti 1961 ukuta ulijengwa Berlin. Tarehe 1 Septemba Urusi ilivunja usimamishaji wa miaka mitatu na kuanza tena kulipua mabomu, na tarehe 15 Marekani ikafuata kwa kulipua la kwake chini ya ardhi. Katikati ya tarehe hizo mbili, tarehe 13, Hammarskjöld aliwasili Léopoldville. Siku hiyohiyo majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yameanza mapigano Elisabethville na mamluki wa Tshombe. Mambo yalikwenda vibaya. Ndege moja tu ya Katanga, aina ya Fouga Magister, ilitosha kuwatia hofu askari wote wa kimataifa, kwa sababu hawakuwa na ndege ya kivita hata moja. Hammarskjöld aliamua kukutana na Tshombe uso kwa uso mjini Ndola, katika Rodesia ya Kaskazini iliyokuwa ya Waingereza, ambayo leo ni Zambia.

Tarehe 17 Septemba, jioni, ndege aina ya DC-6 iliyoitwa Albertina iliondoka Léopoldville ikiwa na watu 16. Ili kuikwepa Fouga haikufuata njia iliyonyooka. Ilielekea mashariki hadi Ziwa Tanganyika, kisha ikashuka kusini, kwa sehemu kubwa ya safari bila kusema kitu kwenye redio. Saa sita na dakika chache za usiku ilizungumza na kituo cha Ndola kwamba inaziona taa za uwanja. Haikutua. Uwanjani, Balozi wa Uingereza, Lord Alport, aliamua kwamba bila shaka mgeni ameghairi na kwenda kwingine. Taa zikazimwa, watu wakaenda kulala. Ndege ilikuwa imeanguka msituni kiasi cha kilomita 15 tu kutoka hapo. Ilitangazwa kuonekana kesho yake alasiri, baada ya saa 15. Mlinzi mmoja, Sajini Harold Julien, alikutwa hai, akafa hospitalini siku chache baadaye. Hammarskjöld alikuwa na umri wa miaka 56.

Waliofika mapema zaidi walikuwa wachoma mkaa wa Kiafrika waliofanya kazi katika msitu ule. Kadhaa wao walisema waliona usiku ndege ya pili, au mwanga na moto juu ya ndege kubwa kabla haijaanguka. Tume ya serikali ya Rodesia iliwasikiliza baadhi yao, ikaona ushahidi wao si wa kutegemewa, na mwaka 1962 ikahitimisha kwamba marubani walikosea. Tume ya Umoja wa Mataifa mwaka huohuo haikukubali moja kwa moja, ikaacha jambo wazi. Baadhi ya wachoma mkaa walikuwa wameokota mashine moja katika mabaki wakidhani ni mashine ya chapa, wakajaribu kuiuza. Ilikuwa ile mashine ya mafumbo. Walikamatwa, wakahukumiwa kifungo kwa wizi.

Siku saba baada ya ajali, tarehe 25 Septemba 1961, Rais Kennedy alisimama katika Baraza Kuu, akamwomboleza marehemu, na katika hotuba hiyohiyo akapendekeza mpango wa kupunguza silaha hatua kwa hatua. Tarehe 24 Novemba Baraza Kuu liliyataka mataifa yasifanye majaribio ya nyuklia katika Afrika na yaiheshimu kama eneo lisilo na silaha hizo. Mkataba wa kupiga marufuku majaribio angani, baharini na katika anga za juu ulitiwa sahihi Moscow tarehe 5 Agosti 1963, na Uganda huru ikawa miongoni mwa nchi zilizojiunga nao. Hammarskjöld alipewa Nishani ya Nobel ya Amani akiwa kaburini, Uppsala, karibu na baba yake. Katika nyumba yake New York kulikutwa daftari la tafakari zake, likachapishwa mwaka 1963. Ndani yake hakuna neno juu ya Khrushchev wala Kongo. Ni mtu anayezungumza na nafsi yake na Mungu wake. Hiyo ndiyo barua pekee ambayo hakuipitisha katika mashine.

Kwa miaka 50 dunia iliridhika, au ilijifanya imeridhika. Kisha watafiti wachache, Mswidi Göran Björkdahl na Mwingereza Susan Williams wakiwa mbele yao, walikwenda Ndola kuwasikiliza wazee waliokuwa hai bado, na kufungua majalada ya zamani. Charles Southall, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Marekani katika kituo cha kusikilizia mawasiliano huko Saiprasi, alishuhudia kwamba usiku ule alisikia kinasa sauti cha rubani akieleza jinsi anavyoishambulia ndege kubwa. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimkabidhi kazi Mwafrika Mashariki, Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Ripoti yake ya 2017 ilisema inaelekea kuwa shambulio au tishio kutoka nje ya ndege lilikuwa sababu ya ajali hiyo, na kwamba ushahidi wa wachoma mkaa haukustahili kutupwa. Hakusema imethibitika. Jaji hahukumu kwa kelele za sokoni.

Kilichobaki kimo makabatini. Ikiwa mashine ya Hammarskjöld ilikuwa inasomwa, na ikiwa mawimbi ya redio ya Ndola yalikuwa yananaswa usiku ule, basi maandishi yake yalihifadhiwa mahali fulani, kwa maana majasusi hawatupi karatasi. Jaji Othman aliziandikia Marekani, Uingereza, Ubelgiji, Afrika Kusini, Urusi na nchi nyingine, akiziomba zichague maofisa wao wenyewe wapekue kumbukumbu zao za ulinzi na ujasusi. Baadhi zilijibu kwa ukarimu. Nyingine zilijibu kwamba hazina kitu, na nyingine zikakawia miaka. Katika ripoti zilizofuata, ile ya 2024 ikiwa miongoni mwake, alieleza kwamba ni karibu hakika kuwa taarifa mahususi na muhimu zimo mikononi mwa nchi chache wanachama, na kwamba bado hazijatolewa.